Nzige walinilipia karo

Katikati ya mwaka 2020 rafiki yangu alirudi Nairobi kutoka Ghuba akiwa na idhini ya kurusha Airbus A380, ndege kubwa kuliko zote za abiria duniani, na bara zima la Afrika halikuwa na mtu wa kumwajiri. Hakuna shirika la Afrika lililowahi kumiliki A380. Ndege ile alikuwa ameisomea, ameifanyia mitihani, ameivusha bahari moja baada ya nyingine, lakini hapa kwetu haikumfaa kwa lolote ila hadithi za barazani. Barua iliyomwondoa kazini iliondoa na mengine: nyumba ya kampuni, karo ya watoto, na viza, maana huko ukaazi wako umefungwa kwenye ajira yako. Alirudi na masanduku na watoto wanaouliza kwa nini maji ya bomba yanakatika.

Naanza na yeye kwa sababu watu wengi hudhani rubani akipunguzwa kazi atavuka barabara tu aingie kampuni ya pili, kama muuguzi anavyotoka hospitali hii akaenda ile. Ndugu zangu walinishauri hivyo hivyo zamu yangu ilipofika. "Si uende Ethiopian?" "Si kuna Qatar?" Wangejua.

Leseni ya urubani ni jambo moja. Idhini ya kurusha ndege fulani ni jambo la pili, huandikwa ndani ya leseni, na bila hiyo leseni inabaki kitambulisho cha kuombea heshima benki. Mimi nilikuwa na idhini ya Dash 8, ndege ya pangaboi mbili inayobeba abiria thelathini na kitu au hamsini kutegemea ni ya urefu gani. Siwezi kuamka kesho nikapanda Boeing 737, hata nikiwa na saa elfu tano za kuruka. Lazima niende darasani, kisha kwenye simuleta, yaani mashine ya kuigiza kuruka, Addis Ababa au Johannesburg au Ulaya, nitumie wiki kadhaa na dola kati ya 15,000 na 30,000, kutegemea chuo na ndege. Kampuni ikikuhitaji itakulipia, halafu itakufunga kwa mkataba wa miaka miwili au mitatu. Usipohitajika, unajilipia. Nani ana dola 20,000 mwezi wa tatu bila mshahara?

Na hata idhini uliyo nayo huchacha kama mchuzi wa nazi uliolala nje ya friji. Kubeba abiria kunataka uwe umepaa na kutua angalau mara 3 ndani ya siku 90 zilizopita. Mtihani wa ustadi ni mara mbili kwa mwaka. Cheti cha afya cha daraja la kwanza kwa kawaida ni cha mwaka mmoja, na ukipita miaka 40 huku ukirusha abiria peke yako bila rubani wa pili, kinakuwa cha miezi 6. Kila kimoja kina ada yake. Mtu aliye kazini havioni, kwa sababu kuna karani ofisini anayemkumbusha na kampuni inayolipa. Siku anapotoka getini, ile mishale yote ya saa inaanza kukimbia kwa pesa zake mwenyewe.

Kenya ilifunga safari za kimataifa za abiria tarehe 25 Machi 2020. Aprili Nairobi yenyewe ikafungwa, hakuna kuingia wala kutoka, na siku mbili baadaye Mombasa, Kilifi na Kwale nazo. Kwetu ni Mombasa, Mji wa Kale, kwa hiyo nikabaki Nairobi, rubani asiye na ndege katika mji nisioruhusiwa kuutoka hata kwa gari. Kampuni niliyokuwa nikiifanyia kazi pale Wilson, uwanja wa ndege ndogo wa Nairobi, nisiyoitaja, ilianza na likizo bila malipo. Barua ilikuwa na adabu nyingi. Ilisema sote ni familia. Barua ya pili, majuma kadhaa baadaye, haikutaja familia.

Mama yangu alikuwa akipiga simu kila jioni baada ya magharibi. Hajui habari za simuleta wala siku 90, lakini swali lake lilikuwa kali kuliko la mtu yeyote wa rasilimali watu: "Mwanangu, ndege ndizo zilizosimama au ni wewe uliyesimamishwa?"

Nilimwambia ndege. Ilikuwa kweli kwa wakati ule.

Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, kifungu cha 40, inasema mwajiri anayepunguza watu kwa kukosa kazi atoe notisi ya angalau mwezi mmoja, amjulishe afisa wa kazi, alipe siku za likizo ulizobakiza, na akulipe kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliokamilisha. Inasema pia uchaguzi wa nani aondoke uzingatie muda aliokaa mtu, ustadi wake, uwezo na uaminifu. Ni kifungu kizuri. Tatizo lake ni kwamba kinamalizika pale hundi inapotoka. Hakisemi chochote kuhusu siku ndege zitakaporudi angani: kwamba waliotolewa waitwe kwanza, au kwamba miaka yao ihesabiwe. Ukitoka, umetoka. Ukirudi kampuni ile ile baada ya miezi kumi unaweza kuwekwa nyuma ya kijana uliyemfundisha mwenyewe kutua na upepo wa ubavuni pale Lamu.

Nalinganisha na Marekani kwa sababu marubani wa huko hulalamika sana, na kwa hili naona wanalalamikia neema. Kwa mashirika makubwa ya huko kila rubani ana namba kwenye orodha, kwa tarehe ya kuajiriwa. Biashara ikiharibika, walio chini ya orodha ndio wanaotoka kwanza. Ikitengemaa, wanaitwa kwa mpangilio ule ule, na haki ya kuitwa imo kwenye mkataba wa chama. Baada ya Septemba 11, 2001, maelfu walirudishwa nyumbani, na wapo waliongoja zaidi ya miaka kumi ndipo simu ikalia. Miaka kumi! Lakini simu ililia. Mwaka 2020 serikali yao iliyapa mashirika fedha za mishahara kwa sharti kwamba wasimtoe mtu hadi mwisho wa Septemba. Tarehe 1 Oktoba, American wakawatoa wafanyakazi wapatao 19,000 wa kada zote na United wapatao 13,000. Desemba fedha nyingine zikapitishwa, wakaanza kurudishwa. Marubani wa Delta wao walikubali kiwango cha chini cha saa zao za mwezi kipunguzwe kidogo ili asitolewe hata mmoja.

Orodha ile ina ukatili wake pia. Kepteni wa miaka ishirini ambaye shirika lake limekufa akiingia jingine anaanza mkiani, rubani msaidizi, zamu za usiku wa sikukuu, chini ya mtu ambaye pengine hakuwa amemaliza shule wakati yeye anapata mistari yake minne ya ukepteni. Umahiri wake hauna mahali pa kuandikwa. Kwa hiyo wengi hung'ang'ania meli inayozama kwa kuogopa kuanza upya. Hata hivyo ningepewa kuchagua, ningechagua orodha. Kwetu chama cha marubani kipo, KALPA, lakini nguvu zake ziko zaidi kwa marubani wa Kenya Airways. Sisi wa Wilson, kampuni ndogo ndogo za ndege tatu, ndege sita, tunajadiliana na mwenye ndege mezani kwake, mmoja mmoja, na yeye ndiye anayemwaga chai.

Basi nikaingia kwenye makundi ya WhatsApp. Kama hujawahi kuwa kwenye kundi la marubani wasio na kazi, shukuru. Asubuhi tetesi: kampuni fulani Entebbe inachukua watu. Mchana mtu anakanusha. Jioni mwingine analeta tangazo la kampuni ya mizigo: anatakiwa rubani mwenye saa 500 kwenye ndege hiyo hiyo, aliyeruka ndani ya siku 90, aanze mara moja. Tangazo hilo lilitoka Julai. Ndege zilikuwa zimefunikwa turubai mdomoni tangu Machi. Nani alikuwa ameruka ndani ya siku 90? Mamlaka za anga duniani ziliongeza muda wa leseni na vyeti vya afya kwa sababu ya korona, lakini mwenye ndege na kampuni yake ya bima walikuwa na siku zao za kuhesabu, na hawakuongeza hata moja.

Watu wakaanza kutawanyika. Mmoja alifungua kuku wa mayai Kitengela. Mwingine akaweka gari lake kwenye teksi za mtandaoni, akawa anaficha kazi yake ya zamani kwa abiria, maana walikuwa wakitaka kupiga naye picha. Julai hiyo hiyo Kenya Airways nayo ikatangaza kupunguza wafanyakazi, na soko likajaa watu wenye saa nyingi kuliko mimi, wa Embraer na Boeing. Hapo ndipo nilipoona jambo ambalo sikufundishwa chuoni. Wale wenye ndege kubwa ndio waliokuwa na mlango mwembamba zaidi. Ukiwa umerusha Dreamliner kwa miaka minane, idhini zako za ndege ndogo zilikufa zamani, saa zako za karibuni zote ni za juu ya mawingu na mashine inaruka yenyewe, na mwenye Caravan anakuangalia anajiuliza kama utaweza kutua kwenye kiwanja cha vumbi chenye punda.

Caravan ndiyo iliyonitoa. Cessna 208, injini moja, abiria tisa hadi kumi na wawili, tumbo chini lenye sanduku la mizigo. Kila rubani wa Wilson wa rika langu aliianza kazi kwayo, akipeleka watalii Mara na mirungi kila inakotakiwa, na kila mmoja wetu alisubiri kwa hamu siku ya kuachana nayo. Kupanda Dash 8 ilikuwa kupanda cheo: injini mbili, rubani wa pili, mhudumu wa kukuletea kahawa. Kurudi Caravan kulionekana kushuka ngazi hadharani. Wapo niliowaheshimu waliokataa kabisa. Kepteni mmoja aliniambia kwamba akionekana kwenye Caravan hataitwa tena kwenye ndege kubwa. Ukweli ni kwamba nilimwelewa, lakini naona alikuwa amekosea hesabu: soko lile lilikuwa haliulizi unarusha nini, lilikuwa linauliza uliruka lini.

Idhini yangu ya Caravan ilikuwa imelala miaka. Kuihuisha kulinigharimu kiasi ambacho mke wangu, mwalimu wa shule ya binafsi iliyokuwa imefungwa bila mshahara, alikiandika kwenye daftari la matumizi ya nyumbani bila kusema kitu. Niliruka na mtahini asubuhi moja. Akanizimia injini, akanifanya nitue bila nguvu, akaniuliza maswali ambayo vijana wa miaka ishirini na mbili huyajibu usingizini. Tuliposhuka alinipa mkono wa barakoa, yaani kiwiko, akasema, "Kepteni, umekuwa mzito wa mikono. Dash imekuharibu." Akatia sahihi.

Na hapa ndipo wadudu wanapoingia.

Nzige wa jangwani waliingia Kenya kupitia Mandera tarehe 28 Desemba 2019. Chanzo chake kilikuwa mbali: mwaka 2018 vimbunga viwili, Mekunu na Luban, vilizipiga Oman na Yemen na kunyesha mvua katika jangwa la Rub' al Khali, mahali ambapo hakuna wa kuona, na nzige wakazaliana humo kizazi baada ya kizazi. Wakavuka Yemen, Pembe ya Afrika, na mvua kubwa za mwisho wa 2019 zikawakaribisha kwetu. Kwa Kenya lilikuwa balaa kubwa zaidi la nzige kwa miaka 70. Januari 2020 Boeing ya Ethiopian iliyokuwa ikielekea Dire Dawa ilipambana na kundi lao, vioo vya mbele vikachafuka hadi marubani wasione njia, ikabidi waende kutua Addis Ababa.

Kupambana na nzige ni kazi ya angani kwa sehemu kubwa. FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, na serikali walikuwa na ndege za kunyunyizia dawa, na mbele yake ndege za kutafuta: moja inapita kuwaona, nyingine inafuata kuwaua. Ndege yetu ya kutafuta ilikuwa Caravan. Kazi hii haikusimamishwa na korona kwa sababu nzige hawakuwa na habari ya karantini. Kwa hiyo katika mwaka ambao marubani wa Airbus walikuwa wakifuga kuku, kulikuwa na kazi kaskazini mwa Kenya kwa yeyote mwenye idhini ya Caravan, cheti hai, na tumbo la kuvumilia joto la Marsabit. Kampuni iliyokuwa na mkataba ilinipigia simu kupitia mtahini yule yule.

Nzige hulala juu ya miti usiku. Jua likitoka hukaa wakiota moto, na mwili ukishapata joto, kama saa tatu au nne asubuhi, huinuka na kufuata upepo, na wanaweza kwenda kilomita 150 kwa siku. Kazi yetu ilikuwa kuwakuta kabla hawajainuka. Tulikuwa tunapaa mapambazuko, kuruka chini kwa mistari iliyochorwa, mpimaji akiwa kiti cha kulia na kifaa chake cha kuandikia mahali. Wachanga wana rangi ya waridi. Ukiwa juu unaona mgunga ambao haufanani na migunga ya jirani yake, umekuwa mwekundu mwekundu na matawi yameinama kwa uzito, kisha unauona wa pili, kisha unagundua bonde zima ni hivyo. Wakishapevuka wanageuka manjano, na hao ni wabaya zaidi, maana wako tayari kutaga. Kundi la kilomita moja ya mraba lina nzige milioni 40 hadi 80. Mara ya kwanza mpimaji aliponionyesha kundi niliona kivuli tu ardhini, nikatafuta wingu juu. Hapakuwa na wingu.

Kuruka huko hakukuwa na kifani na chochote nilichofanya kwenye Dash. Hakuna mashine ya kukuongozea. Mkono mmoja usukani, jicho moja vilima vya Samburu, jingine kwenye kipimo cha joto la injini, kwa sababu nzige wakiingia mdomoni mwa injini hewa inapungua. Wakikupiga kiooni wanaacha mafuta ya manjano ambayo maji peke yake hayatoi. Jioni pale Isiolo nilikuwa nasugua kioo kwa sabuni ya kufulia na gazeti, kepteni mzima mwenye mistari minne sandukuni, na vijana wa NYS, huduma ya vijana kwa taifa, waliofunzwa kunyunyizia dawa ardhini wakinicheka. Nilifurahi kuliko nilivyofurahi kwa miaka mingi. Sijui niseme vipi zaidi ya hivyo.

Mshahara haukufika nusu ya ule wa zamani. Lakini wimbi la pili la nzige lilikuja mwishoni mwa 2020, mkataba ukaongezwa, na shule zilipofunguliwa kikamilifu Januari 2021 karo ya binti yangu ilitoka kwenye mgongo wa wadudu. Mama alipojua nafanya nini aliuliza kama nzige wale wanaliwa. Nikamwambia wamepigwa dawa. "Basi hawana faida," akasema, na hapo nilimkatalia.

Si kila kazi iliyobaki mwaka ule ilikuwa ya kufurahisha, na nisije nikapamba. Ndege za miraa kwenda Mogadishu, ambazo kwa miaka zilikuwa chakula cha marubani wengi wa Wilson, zilizuiwa na Somalia Machi 2020 na hazikuruhusiwa tena hadi Julai 2022. Mizigo ya misaada ilibaki, Somalia ndani na Sudan Kusini. Tarehe 4 Mei 2020 Embraer 120 ya African Express, iliyobeba vifaa vya tiba, ilitunguliwa ikikaribia kutua Bardale, Somalia, na askari wa Ethiopia waliokuwa wakilinda kambi karibu na kiwanja. Walikufa wote sita waliokuwemo. Wiki ile ile kundi letu la WhatsApp lilikuwa na tangazo la kazi ya kupeleka mizigo ndani ya Somalia, na jioni yake lilikuwa limeshapata watu zaidi ya waliotakiwa. Sikuwa miongoni mwao, lakini usidhani ni ushujaa wala busara. Sikuwa na idhini ya ndege ile. Mtu anayesema marubani hupenda hatari hajakaa na mtu anayedaiwa kodi ya miezi minne.

Haya ya kupoteza kazi kwa mpigo si mageni kwa ukoo wangu. Ami yangu alikuwa fundi wa East African Airways, Embakasi, shirika la nchi tatu lililoanzishwa 1946. Lilikuwa na Super VC10, ndege ambazo wazee wa rika lake wakizitaja huvua kofia. Mapema 1977 Jumuiya ilipokuwa ikivunjika na madeni yamefika shingoni, ndege zilisimama. Kenya ikaunda Kenya Airways ndani ya majuma, Tanzania ikaunda Air Tanzania Machi, Uganda ilikuwa imeshaanza shirika lake. Mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa Februari na haukufunguliwa hadi 1983. Watu waliofanya kazi bega kwa bega wakagawanywa kwa pasipoti. Zile VC10 zilirudi Uingereza na Jeshi la Anga la huko likazigeuza za kujazia mafuta ndege nyingine hewani. Ami alikuwa na vyeti vya VC10, vya kiwango cha juu kabisa, na shirika jipya la Kenya halikuwa na VC10 hata moja. Alianza upya kwenye Boeing 707 akiwa na mvi. Alipoona habari za A380 za rafiki yangu mwaka 2020 alicheka mpaka akakohoa, na alikuwa hajasahau hata nambari ya skrubu.

Kufika mwisho wa 2021 upepo ulikuwa umegeuka. Emirates, waliotoa marubani kwa mamia mwaka 2020, walikuwa wanawaita tena. Mashirika ya Marekani yaliyokuwa yamewalipa wazee wastaafu mapema yakajikuta hayana watu wa kutosha, yakachukua marubani wa mashirika madogo, na madogo yakaanza kutafuta kila pembe. Wimbi hilo lilifika Wilson likiwa limepungua nguvu, lakini lilifika. Waliokwenda Ghuba na Addis waliacha viti, na viti vikataka watu. Rafiki yangu wa A380 alikuwa ameshauza gari akajilipia idhini ya 737, akapata kazi ya mizigo ya usiku. Anasema haoni abiria tena na haoni hasara.

Mimi niliitwa kwenye usaili wa kampuni yenye Dash 8. Walikuwa watatu upande wa pili wa meza. Wa kwanza alifungua kitabu changu cha saa za kuruka, akapekua hadi 2020, akasimamisha kidole. Saa zote za injini moja, Isiolo, Marsabit, Lodwar, Isiolo tena. Akauliza kwa nini nilishuka. Kabla sijajibu, mzee aliyekaa kando, kepteni wa zamani, alimuuliza mwenzake kama waombaji wengine wa siku ile walikuwa na saa zozote za 2020. Hawakuwa nazo. Hakuna aliyeniuliza tena jambo hilo, na tulihamia kwenye mambo ya mshahara.

Mshahara tulikubaliana haraka. Tulichogombania ni mkataba wa mafunzo. Wangenipeleka simuleta kuhuisha idhini, na mimi ningefungwa miaka miwili. Nikiondoka kabla, narudisha gharama. Hilo ni haki yao. Lakini maandishi yalisema "ajira ikikoma kwa sababu yoyote". Nikauliza: mkinipunguza nyinyi wenyewe je? Korona nyingine ikija, mafuta yakipanda, ndege zikirudishwa kwa mwenyewe, mtanitoa kazini na bado nitawadai nyinyi notisi huku nyinyi mnanidai simuleta? Bwana wa rasilimali watu alisema huo ni mkataba wa kawaida, marubani wote wameutia sahihi. Nikamwambia najua, niliutia sahihi kama huo kampuni ya kwanza.

Ilichukua siku tatu na simu kadhaa kwa mwanasheria wao. Mwishowe waliongeza mstari kwa kalamu pembeni, kwamba kampuni ikinipunguza kazi yenyewe sidaiwi kitu cha mafunzo, na kwamba nafasi ikifunguka ndani ya miezi 24 nitaitwa kabla ya mtu mpya. Sote wanne tukatia saini fupi kando yake. Kijana aliyesailiwa baada yangu aliniuliza pale nje kwenye ngazi kama kuna chochote cha kujadiliana humo ndani, nikamtumia picha ya ukurasa ule.